Taa Sio Shida, Shida Ni Hewa

Kila nikionyesha kabati langu la mimea, swali la kwanza huwa ni taa. Wati ngapi? Rangi gani? Umenunua Luthuli ama umeagiza? (Na kabla uulize lile swali lingine: ni dhania, spinachi na mnanaa. Tulia.) Mtu wa kuuliza hewa inaingilia wapi na inatokea wapi, sijawahi kumpata. Na mimi nasema hilo ndilo lilipaswa kuwa swali la kwanza. Taa mbaya itakupa mmea mwembamba. Hewa mbaya itakupa ukungu, halafu mmea uliokufa, halafu ukungu huo huo kwenye ukuta wa chumba unacholala.

Hii sio nadharia yangu. Watu wamefungia mimea ndani ya nyumba, mitungi na masanduku kwa mamia ya miaka, na ukifuata historia yao utaona wanagonga ukuta ule ule: wanafikiria maji, wanafikiria joto, wanafikiria mwanga, hewa inakumbukwa mwisho.

Anza na Jan Baptist van Helmont, daktari wa kule tunakoita Ubelgiji siku hizi. Jamaa alichukua udongo mkavu pauni 200, akautia kwenye chungu, akapanda mti mdogo wa pauni 5. Miaka 5 akawa anamwagilia maji tu. Mwishowe akapima: mti ulikuwa na pauni 169 na kitu. Udongo? Ulikuwa umepungua wakia 2 pekee, yaani gramu 60 hivi. Akasema basi mti umetengenezwa na maji. Maandishi yake yalichapishwa 1648, wakati yeye tayari ameshafariki.

Sasa kinachonichekesha ni hiki. Van Helmont ndiye aliyeunda neno "gesi", hilo tunalotumia hadi leo tukienda kununua mtungi wa kupikia. Mtu aliyeipa gesi jina lake alikaa na ule mti miaka 5, na hakuona kwamba ulikuwa unaila gesi mchana kutwa mbele ya macho yake.

Maanake ukikausha dhania yako mpaka iwe kama majani ya chai, karibu nusu ya uzito unaobaki ni kaboni, na kaboni hiyo haikutoka kwa mbolea wala kwa udongo. Ilitoka kwa hewa. Hebu tufanye hesabu ya kabati. Kabati la futi 4 kwa 2, urefu futi 6 na nusu, lina hewa mita za ujazo moja na nusu hivi. Kwenye hewa ya kawaida, hewa ukaa ni kama sehemu 420 kwa kila milioni. Ukiipima yote iliyo ndani ya kabati hilo, unapata gramu moja na kidogo. Hata mimea ikiila yote, sukari inayotengenezwa haijai robo ya kijiko cha chai. Hicho ndicho chakula chote ulichoweka mezani ukifunga mlango. Ni kweli kabati lina nyufa na halijazibwa kama chupa, lakini unaelewa. Unawasha taa ya maelfu ya pesa juu ya sahani tupu.

John Evelyn, Mwingereza mpenda bustani, aliligusa jambo hili mapema kabla hata kemia yake haijajulikana. Enzi hizo matajiri wa Ulaya walikuwa wanaingiza michungwa na mindimu ndani ya nyumba wakati wa baridi, na kuwasha jiko la makaa humo humo ili mimea ipate joto. Milango imefungwa, madirisha yamefungwa, jiko linawaka. Mimea ilikuwa inadhoofika, na Evelyn akashuku hewa, sio baridi. Mwaka wa 1691 akachapisha mchoro wa nyumba ya mimea ambayo moto wake umewekwa nje. Hewa safi inapita kwenye mabomba yaliyo ndani ya moto huo, inapata joto, inaingia kwa mimea, halafu ile iliyochoka inavutwa kupitia mfereji wa chini na kwenda kulisha moto wenyewe. Kuingia na kutoka, hakuna kusimama. Ni zaidi ya miaka 300 iliyopita, na bado naona makabati yenye tundu moja tu.

Na hapa lazima nitoke kwa mimea kidogo, juu hili jambo la jiko sio historia kwetu. Kila Julai baridi ikishuka tunasikia habari ya watu waliolala na jiko la makaa ndani ya chumba kimefungwa na hawakuamka. Gesi ya monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi, na haikusubiri mtu amalize kozi ya kemia. Kama unalima ndani ya bedsita na baridi imeanza kuuma miche yako, tafadhali, usiwashe makaa kuipasha joto. Funika na blanketi ukitaka. Moto unabaki nje, vile Evelyn aliuweka.

Mtu ninayempenda zaidi kwenye hadithi hii ni Stephen Hales, kasisi wa Teddington, karibu na London. Julai 1724 alichukua alizeti iliyo kwenye chungu, urefu futi 3 na nusu, akafunika udongo vizuri ili maji yasipotee kwingine isipokuwa kwa majani, halafu akawa anaipima asubuhi na jioni kwa siku 15. Kwa wastani ule mmea mmoja ulikuwa unapoteza wakia 20 za maji kila mchana. Hiyo ni zaidi ya nusu lita. Chupa ile ndogo ya maji unayonunua kwa matatu, alizeti moja inaimaliza kabla ya jua kutua, na haiimwagi chini. Inaipulizia hewani.

Sasa weka mimea 6 ndani ya kabati. Maji unayomwagilia asubuhi hayapotei. Yanageuka kuwa mvuke, yanajaa ndani, yanagonga mlango na kurudi. Hewa ikishiba maji, majani hayawezi kutoa mengine, na mizizi haina sababu ya kuvuta chakula kutoka chini. Halafu taa inazimwa usiku, joto linashuka, ule mvuke unageuka kuwa matone juu ya majani. Hapo ndipo ukungu unakuja. Miche inaoza shingoni na kuanguka ikiwa bado na rangi ya kijani, na mtu anasema "nilimwagilia kidogo, lazima niongeze." Mtu wangu, usiongeze. Fungua.

Hales alichapisha kitabu chake cha mimea 1727, na miaka kadhaa baadaye akafanya kitu ambacho wengi hawakiunganishi na alizeti: akaanza kutengeneza mitambo ya kupuliza hewa kwa ajili ya watu. Ilikuwa kama mivuo mikubwa ya mhunzi, ya kusukuma hewa chafu nje na kuvuta safi ndani. Ikawekwa kwenye meli, kwenye maghala ya nafaka, hospitalini. Mwaka wa 1750 homa ya gerezani iliingia mahakamani London pamoja na wafungwa wa Newgate, ikaua makumi ya watu, meya wa jiji akiwa mmoja wao. Miaka 2 baadaye Newgate ikapata mtambo wa Hales, ukizungushwa na tanga la upepo juu ya paa. (Leo tunajua homa ile ililetwa na chawa, kwa hivyo hewa pekee isingeitibu. Lakini hakuna mtu amewahi kudhurika kwa kupewa hewa.) Na mitambo hiyo hiyo iliwekwa kwenye meli za watumwa kutoka Afrika, na Hales mwenyewe aliandika kwa kujivunia kwamba waliokufa njiani walipungua. Soma hiyo tena polepole. Walihesabu hewa kama gharama ya kulinda mzigo. Walijua vizuri kabisa kwamba watu waliofungiwa pamoja bila hewa wanakufa, na jibu lao halikuwa kuwafungulia, lilikuwa kuwapulizia.

Ndiyo maana sipendi tukiongea kuhusu hewa kana kwamba ni jambo la wapenda bustani. Nairobi hii kuna keja ambazo dirisha lake linafungukia korido, na korido yenyewe inafungukia ukuta wa jirani. Unaanika nguo ndani, unapika ndani, unaoga ndani, na kodi inaitishwa tarehe 5. Ukipanda kitu kwenye chumba kama hicho na kikashikwa na ukungu ndani ya wiki 2, mmea haujakosea. Umekusomea hali ya chumba. Na wewe unalala humo masaa 8.

Tuendelee. Agosti 17, 1771, Joseph Priestley, akiwa Leeds, aliweka kitawi cha mnanaa ndani ya chombo ambacho mshumaa ulikuwa umezimikia kwa kukosa hewa nzuri. Baada ya siku 10 akaingiza mshumaa mwingine, ukawaka. Mmea ulikuwa umeitengeneza hewa. Mwaka wa 1779 Jan Ingenhousz akaonyesha kwamba hiyo kazi inafanyika tu kukiwa na mwanga, na usiku mimea nayo inatumia oksijeni kama sisi. Huyu bila kutaka ndiye alianzisha ule uoga wa "usilale na maua chumbani, yatakumaliza hewa." Wacha nikutulize: mimea michache inatumia kidogo sana usiku. Ndugu yako anayekoroma kitanda cha pili anakumalizia zaidi.

Halafu kuna huyu ambaye watu wakimjua wananitumia kama ushahidi dhidi yangu. "Lakini si kuna daktari alifunga mimea kwenye chupa na ikaishi?" Kweli. Nathaniel Bagshaw Ward, daktari wa mashariki mwa London, mahali penye moshi wa viwanda uliokuwa umemuulia kangaga zake zote bustanini. Mwaka wa 1829 aliweka pupa wa nondo kwenye udongo wenye unyevu ndani ya chupa, akaifunika, akingoja nondo atoke. Badala yake akaona kangaga na nyasi vikichipua humo ndani. Havikumwagiliwa na viliishi karibu miaka 4, mpaka kifuniko kikaingia kutu.

Ward akatengeneza masanduku ya mbao na kioo. Mwaka wa 1833 akayapakia mawili yenye kangaga na nyasi kwenye meli kwenda Sydney, na mimea ikafika hai. Yakajazwa mimea ya Australia, yakarudi, nayo ikafika hai pia. Kuelewa ukubwa wa jambo hilo, kumbuka kwamba mwaka wa 1819 daktari mmoja aliyekuwa Macao, John Livingstone, alikadiria kuwa katika kila mimea 1,000 iliyosafirishwa kutoka China kwenda Uingereza, ni mmoja tu uliofika. Chumvi ya bahari, upepo, mabaharia wasiotaka kugawa maji ya kunywa na mti.

Na hilo sanduku likabadilisha dunia, sio kwa uzuri tu. Robert Fortune aliitoa michai China kwa siri kwa niaba ya kampuni ya Waingereza iliyotawala India. Mzigo mmoja mkubwa uliharibika baada ya masanduku kufunguliwa njiani, kisha akajifunza kupanda mbegu moja kwa moja kwenye udongo wa masanduku, na maelfu ya miche ikafika India. Mwaka wa 1876 miche karibu 1,900 ya mpira, iliyooteshwa London kwa mbegu zilizotolewa Brazil, ilipelekwa Ceylon, Sri Lanka ya leo, kwenye masanduku 38 ya aina hii. Wajerumani nao walikuwa na kituo Berlin kilichotuma masanduku ya Ward makoloni yao, na Afrika Mashariki ilikuwa moja wapo. Ukienda Amani kule Usambara, Tanzania, bustani waliyoanzisha 1902 bado ina miti ya kutoka kila pembe ya dunia. (Chai yetu sisi ya Kenya nyingi ni ya ukoo wa Assam, kwa hivyo usimshukuru Fortune kwa kikombe chako. Wala usimlaumu.)

Sasa jibu langu kwa watu wa Ward. Ile mimea iliishi. Haikukua kwa kiasi cha kuvuna. Kwenye chupa iliyofungwa maji yanazunguka, yanapanda kama mvuke na kushuka kama matone, na hewa ukaa inayotoka kwa udongo na kwa mimea yenyewe usiku ndiyo inayoliwa mchana. Ni mzunguko mzuri wa kubaki hai. Lakini hakuna kitu kipya kinaingia, kwa hivyo hakuna kitu kipya kinaongezeka. Kangaga haina haraka, inaweza kukaa hivyo. Wewe unataka kukata dhania ya kachumbari kila Jumamosi. Sanduku la Ward lilikuwa basi la safari ndefu, na hakuna mtu anayenenepa ndani ya basi.

Na hata kwa safari lilikuwa na deni lake. Kilichofungiwa humo hakikuwa mmea pekee. Kulikuwa na udongo, na ndani ya udongo wadudu, mayai yao na magonjwa, vyote vikisafirishwa kwa starehe ile ile. Nchi zikaanza kufunga mipaka kwa mimea. Marekani ilipitisha sheria yake ya karantini 1912. Sanduku la mwisho la Ward kufika bustani ya Kew, London, lilitoka Fiji mwaka wa 1962.

Ukitaka kuona somo hili likifanya kazi karibu, simama kando ya barabara Naivasha uangalie vivungulio vya waridi. Utaona paa zina nafasi iliyoachwa wazi juu, na plastiki za pembeni zinakunjwa na kukunjuliwa. Hawafanyi hivyo kwa urembo. Ukungu wa kijivu ukiingia kwenye waridi, maua yanaoza yakiwa ndani ya boksi kuelekea Ulaya.

Bado kuna kitu kimoja ambacho hewa hufanya na hakihusiani na kula wala kukauka. Kusukuma. Mwaka wa 1991 watu 8 walijifungia Arizona ndani ya jumba la kioo lililoitwa Biosphere 2, lenye msitu, shamba na hata bahari ndogo, wakae miaka 2 bila hewa ya nje. Oksijeni ilishuka kutoka karibu asilimia 21 hadi 14 na nusu hivi, wakaanza kuchoka wakipanda ngazi, na Januari 1993 ikabidi waongezewe. Miti nayo ilirefuka haraka lakini ikawa dhaifu, inaegemea na kuanguka, kwa sababu humo ndani hakukuwa na upepo wa kuitikisa. Mti unajenga mbao ngumu ukisukumwa. Miche yako pia iko hivyo.

Halafu mwisho wa 2015, kwenye kituo cha anga za juu, walikuwa wanakuza maua ya zinnia kwenye kisanduku chenye taa nzuri sana. Taa za NASA, jamani, sio zile zetu. Majani yakaanza kutoa matone, yakajikunja, yakashikwa na ukungu. Kule juu hakuna uzito, kwa hivyo hewa ya moto haipandi. Hewa iliyotumika inabaki imelizunguka jani kama mfuko. (Hata wanaanga wenyewe wanalala karibu na mkondo wa feni, la sivyo pumzi yao wenyewe ingewakalia usoni.) Feni ikaongezwa nguvu, Scott Kelly akaachiwa aamue mwenyewe lini ya kumwagilia, mimea mingine ikafa, iliyobaki ikachanua Januari 2016.

Sisi huku chini tuna bahati, hewa ya moto inapanda bure. Kwa hivyo tundu la kuingiza liko chini, la kutoa liko juu upande wa pili, na la chini ni kubwa zaidi. Feni ya kompyuta ya sentimita 12, ile inayotolewa kwenye mashine mbovu, inatosha kabati nililotaja juu. Ikiendeshwa na chaja ya zamani ya volti 12 inaweza kubadilisha hewa yote kwa dakika chache. Iweke juu, ikivuta kutoa nje. Ukiweka neti ya mbu kwenye tundu la chini, ongeza upana maradufu, neti inabana hewa kuliko inavyoonekana. Usiizime usiku, usiku ndio matone yanaanguka. Na upepo wa ndani ya kabati elekeza dirishani, sio kitandani kwako.

Feni ndogo ya pili ni ya kutikisa. Ipitishe juu ya majani, sio usoni kwake. Dhania ikicheza polepole iko sawa. Ikilala upande mmoja, sogeza feni nyuma.